Maswali ya wasomaji: "Mfupa wenu na nyama yenu"

Barua tatu za mwezi huu zimetoka sehemu tatu za Lubumbashi, yaani Ruashi, Kampemba na Katuba, na sidhani kama walioziandika wanafahamiana. Hata hivyo zinauliza jambo moja, yaani nani ni ndugu na nani si ndugu, nami nimeona nizijibu pamoja, nikianza na ile inayotazama mbali na kumalizia na ile inayotazama ndani ya nyumba, kwa kuwa mtu huuona upesi zaidi uchafu wa uani kwa jirani kuliko ule ulio uvunguni mwa kitanda chake.

Baba Mchungaji, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, naishi Ruashi. Katika kikundi chetu cha maombi wamo ndugu ambao kila asubuhi huwasikiliza wahubiri wa Marekani kwenye simu, nao wanatuambia kwamba Donald Trump ni mteule wa Mungu na kwamba Mkristo wa kweli hawezi kumpinga. Mimi nakumbuka maneno ya dharau juu ya nchi za Afrika ambayo iliripotiwa aliyatamka Januari 2018. Je, wale Wakristo weupe waliotuletea Biblia wanawezaje kumpigia kura? Na sisi tuombee upande gani?

Mwanangu, unavyowaza ni kana kwamba Wakristo wa Marekani ni kundi moja, na hapo ndipo ndugu zako wa kikundi wanapokupotosha. Mwaka 2016, kwa mujibu wa wapiga kura waliohojiwa vituoni, weupe wanaojiita Wakristo wa kiinjili walimpigia Trump kwa kiasi cha asilimia 81, na katika chaguzi mbili zilizofuata walibaki karibu na nane kati ya kumi. Waprotestanti weusi, kwa upande wao, walimpigia Joe Biden mwaka 2020 kwa takriban tisa kati ya kumi. Watu hao husoma Zaburi zilezile na huimba nyingi za nyimbo zilezile, na mara nyingi makanisa yao yako mtaa mmoja. Mhubiri anayesema "Mkristo wa kweli hawezi" amewafuta mamilioni ya waumini kwa sentensi moja, na ajabu ni kwamba waliofutwa wana rangi yako.

Nisiwaonee wale wengine. Wengi wao walisema walipiga kura kwa sababu ya suala la utoaji mimba na la majaji wa Mahakama Kuu, na mimi siwezi kusema kwamba kila mmoja wao anamchukia mtu mweusi, kwa maana sijapewa kusoma mioyo. Lakini swali lako halifi kwa jibu hilo. Maneno yaliyomliza Mkristo mmoja yalikuwaje kwa mwenzake gharama ndogo ya kuvumilika? Nadhani ni kwa sababu watu hao walikuwa wameacha kula pamoja miaka mingi kabla ya kura.

Historia yao iko wazi. Mwishoni mwa karne ya 18, katika kanisa la Wamethodisti la St. George's huko Philadelphia, waumini weusi walivutwa na kuinuliwa wakiwa wamepiga magoti katikati ya sala, kwa kuwa walikuwa wamepiga magoti mahali pasipo pao. Walitoka nje, na mmoja wao, Richard Allen, akaanzisha kanisa ambalo mwaka 1816 lilipata mamlaka yake lenyewe. Mwaka 1844 Wamethodisti waligawanyika tena kwa ajili ya askofu James Andrew, aliyekuwa na watumwa nyumbani mwake. Walipoungana mwaka 1939, bei ya muungano ilikuwa kuwaweka makutaniko ya weusi katika jimbo lao peke yao, popote walipokuwa nchini, nao wakakaa humo hadi 1968. Wabaptisti wa Kusini, ambao walijitenga mwaka 1845 kwa ajili hiyohiyo ya utumwa, waliomba radhi mwaka 1995. Hesabu mwenyewe miaka.

Hapa sisi Wamethodisti wa Katanga tusicheke, maana ni kutoka kanisa hilohilo tulikotumiwa wamisionari waliojenga shule na hospitali, na mimi mwenyewe ni mtoto wa kazi yao. Sitaki kuwa mkosa shukrani. Nataka tu ujue kwamba mtu anaweza kuvuka bahari kumbatiza Mwafrika na bado akashindwa kukaa benchi moja na Mwafrika wa nyumbani kwake.

Sasa juu ya uchaguzi wenyewe. Mwaka 2020 Biden alipata kura zaidi ya milioni 81 na Trump zaidi ya milioni 74. Upande ulioshindwa ulipeleka mahakamani mashauri zaidi ya 60, na karibu yote yakaanguka, mengine mbele ya majaji walioteuliwa na Trump mwenyewe. Tazama miji iliyolalamikiwa kwa sauti kubwa: Detroit, Philadelphia, Milwaukee, Atlanta. Ni miji yenye weusi wengi. Tarehe 6 Januari 2021 umati ulivamia jengo la bunge, na ndani ya umati huo kulikuwa na misalaba na mabango yenye jina la Yesu. Nje kulisimikwa mti wa kunyongea, na ndani, katika ukumbi wa Seneti, watu waliomba kwa jina hilohilo. Siku moja tu kabla, wapiga kura wa Georgia walikuwa wamemchagua Raphael Warnock, mchungaji wa kanisa la Ebenezer alilotumikia Martin Luther King, kuwa seneta wa kwanza mweusi wa jimbo hilo. Wote hao walikuwa na Biblia mkononi.

Usinielewe vibaya: kubishania matokeo si dhambi. Maaskofu wetu Wakatoliki walifanya hivyo. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 walikuwa na waangalizi wapatao elfu arobaini, na matokeo yalipotangazwa tarehe 10 Januari 2019 walisema wazi kwamba hayalingani na takwimu walizokusanya. Walitegemea hesabu za waangalizi wao, wala hawakusema kwamba watu wa mkoa fulani hawakustahili kupiga kura. Hesabu ya kura inabishaniwa, na raia ana haki hiyo. Lakini mtu akianza kubisha kama jirani yake anastahili kuhesabiwa, huyo ameshatoka kwenye siasa na ameigusa sura ya Mungu.

Kuhusu maombi, muombee kila mtawala, kama Paulo alivyoagiza chini ya Kaisari ambaye hakuwa rafiki wa Wakristo. Paulo hakumwita Kaisari mteule wetu. Na wakumbushe ndugu zako, kwa upole, kwamba mhubiri wa kwenye simu hatakuja kwenye kilio chenu hapo Ruashi.

Mchungaji, huku Kampemba tumegawanyika juu ya ile sheria iliyotaka rais awe mtu aliyezaliwa na baba na mama Wakongomani. Mzee mmoja wa kanisa anasema Kumbukumbu la Torati 17:15 inaiunga mkono. Je, ni kweli?

Aya hiyo inawakataza Waisraeli kumweka mgeni "ambaye si nduguyo", na mzee wenu ameinukuu sawasawa. Asichokisema ni jinsi Biblia yenyewe ilivyomhesabu ndugu. Obedi, babu yake Daudi, alizaliwa na Ruthu Mmoabi, wa taifa ambalo kitabu hichohicho, sura ya 23, kililifungia mlango wa kusanyiko. Mfalme Rehoboamu mama yake alikuwa Naama Mwamoni. Ni kweli aliuvunja ufalme, lakini aliuvunja kwa kuwasikiliza vijana wa rika lake na kuwadharau wazee, na hakuna nabii aliyesema kosa lilitoka kwa mama.

Nchi ina haki ya kuweka masharti, na Katiba yetu ya mwaka 2006 tayari inadai mgombea awe Mkongomani wa asili. Mkristo anaweza kutaka masharti makali zaidi bila kutenda dhambi. Lakini muswada ule, uliotokana na wazo la mwanasiasa Noël Tshiani na kuwasilishwa bungeni Julai 2021, ulionekana na wengi kuwa umekatwa kwa kipimo cha mwili mmoja, wa mpinzani Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Haukuwa sheria kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023. Katumbi aligombea, akatangaziwa karibu asilimia 18 dhidi ya asilimia 73 za Rais Félix Tshisekedi. Muulize mzee wenu kama angeipenda sheria hiyo laiti ingemzuia mtu wa upande mwingine. Akijibu ndiyo bila kusita, mheshimu.

Baba Mchungaji, mimi ni mzaliwa wa Bukama, hapa Katanga, na mume wangu ni Muluba wa Kasai. Tuna miaka kumi na tisa ya ndoa na watoto watano, wote wamezaliwa hapa Katuba. Naimba alto katika kwaya. Kabla ya uchaguzi wa 2023 mchungaji wetu alisema mimbarani tumchague mtoto wa nyumbani. Tangu hapo kwaya ina mabenchi mawili, ingawa hakuna aliyeamuru. Jioni moja baada ya mazoezi, tulipokuwa tunagawa bukari na samaki, mama mmoja alisema bila kupunguza sauti: "Bale bilulu bakakule kwabo." Watu walicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu, kwa kuwa nilikuwa nimeshika sahani. Nilipogeuka, mabinti zangu wawili walikuwa mlangoni. Je, huu ni ubaguzi wa rangi, nasi sote ni weusi? Nihame kanisa?

Mama, umeandika mistari mingi juu ya mchungaji na juu ya yule mama, ila kilichokunyima usingizi ni tabasamu lako mwenyewe, na mimi ni mtu wa mwisho anayeweza kukuhukumu kwa hilo.

Kwa wasomaji wasio wa huku, bukari ni ugali, na bilulu (mmoja ni kilulu) katika Kiswahili chetu ni wadudu; yule mama alisema wale wadudu wakale kwao, akimaanisha watu wa Kasai. Neno hilo lilipandishwa kwenye majukwaa miaka ya tisini, wakati Gabriel Kyungu wa Kumwanza alipokuwa gavana wa mkoa. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Wengine walishangilia barabarani na wengine wakakasirika. Ilikuwa kura iliyobishaniwa, kama nyingine zote. Wiki chache baadaye familia za Kikasai zilikuwa zimelala kwenye vituo vya treni vya Likasi, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Watu waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu, na wengi, hasa watoto, walikufa wakisubiri treni au ndani ya mabehewa.

Mimi nilikuwa Likasi. Nilikuwa kijana, mwalimu wa shule ya Jumapili, na jirani yetu alikuwa fundi cherehani kutoka Kasai ambaye watoto wake walikuwa darasani kwangu. Asubuhi moja aliitoa cherehani yake akaiweka mlangoni, na mimi nikainunua kwa bei ya gunia moja la unga wa mahindi. Nilijiambia kwamba namsaidia nauli. Nilipofika nyumbani nilifungua kijidroo cha pembeni, nikakuta chaki, sindano mbili na kipande cha karatasi chenye vipimo vya mikono, kifua na shingo. Vilikuwa vipimo vyangu. Alikuwa ananishonea shati, na nilikuwa nimeshamlipa nusu. Sikuwahi kumtupia mtu jiwe, sikumwita mtu kilulu, na kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa sikufanya kitu. Jumapili iliyofuata darasa langu lilikuwa na watoto pungufu, nami nikaendelea na somo.

Unauliza kama huu ni ubaguzi wa rangi. Mji huu unajibu wenyewe. Wabelgiji walipoujenga Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita kati ya mji wa weupe na cité ya weusi, wakisema ni kwa ajili ya afya. Kampuni ya madini, Union Minière, ilipohitaji mikono ilileta wanaume kutoka Kasai na kwingineko, na wana wao wakazaliwa hapa. Mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa komuni, mameya weusi waliochaguliwa walitoka nje ya Katanga ya kusini, na mwaka uliofuata chama cha Conakat kikaanzishwa kwa ajili ya wale waliojiona wenye nchi. Yaani tangu sanduku la kwanza kabisa la kura, swali lililowekwa mezani lilikuwa nani ni wa hapa. Mzungu alitazama ngozi. Sisi tunasikiliza matamshi, kama Wagileadi walivyowasimamisha wenzao kwenye vivuko vya Yordani na kuwaambia watamke "shibolethi". Ni kisu kilekile chenye mpini mwingine. Na kwa Waluba inauma zaidi, maana wazee wengi wa Kasai husimulia kwamba babu zao walitoka Katanga.

Mchungaji wenu alisema tumchague mtoto wa nyumbani. Ningetamani asome Waamuzi sura ya 9 kabla ya kurudi mimbarani. Abimeleki alitaka kutawala Shekemu, na hakuwaahidi watu barabara wala maji, aliwaendea ndugu za mama yake akawaambia: "Kumbukeni pia ya kwamba mimi ni mfupa wenu na nyama yenu." Wakasema, yeye ni ndugu yetu, na hoja ikaishia hapo. Ona kilichofuata, maana mwandishi wa kitabu hakuacha kitu. Fedha ya kampeni, vipande sabini, ilitoka katika nyumba ya ibada ya mungu wao, Baal-berithi. Kwa fedha hiyo Abimeleki aliajiri wahuni, na kwa wahuni hao aliwaua ndugu zake sabini juu ya jiwe moja. Miaka mitatu baadaye aliubomoa mji wa Shekemu na kuichoma moto ngome yake pamoja na haohao aliowaita mfupa wake. Mtoto wa nyumbani anaweza kuwa mtawala mwema, sikatai. Lakini mchungaji anayeitoa hoja hiyo peke yake amelifanya kanisa lake kuwa nyumba ya Baal-berithi. Na asidhani haya ni ya kale: Novemba 2023, wiki chache kabla ya kura, watu waliuawa Malemba-Nkulu katika ugomvi wa Wakatanga na Wakasai.

Lakini mama, mimi naona jeraha la kwaya yenu liko kwenye sahani zaidi kuliko mimbarani. Petro ndiye aliyesema nyumbani kwa Kornelio kwamba Mungu hana upendeleo. Alisema na aliamini. Kisha akaenda Antiokia, akala na watu wa Mataifa, na walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akaanza kujitenga polepole, akiwaogopa. Hakutukana mtu. Alibadilisha mahali pa kulia tu, na kwa hilo Paulo alishindana naye uso kwa uso mbele ya wote. Hakumwambia amekosa adabu. Alimwambia haendi sawasawa na kweli ya Injili. Kwa hiyo wakikuambia kwamba lile la bukari lilikuwa mzaha wa wanawake jikoni, usikubali.

Usihame, angalau si sasa. Anza na mabinti zako, kwa kuwa wao waliona. Waambie kwa maneno mafupi kwamba waliochekwa ni wao na baba yao, na kwamba wewe ulitabasamu kwa woga. Watakuwa wameshakijua hicho. Wanachongoja ni kukisikia kwako. Mume wako aambiwe pia, na wewe, kabla hajaletewa na mwingine.

Kisha mwendee yule mama peke yako, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18, nyumbani kwake na si kanisani, na usiende na maneno ya siasa. Mwambie majina ya watoto wako watano, mmoja mmoja, umuulize ni yupi kati yao ni kilulu. Huenda atalia, huenda atakasirika. Mchungaji naye apewe nafasi hiyohiyo, na kwa heshima, ila mwombe anyooshe mimbarani neno alilolipotosha mimbarani.

Na mabenchi yale mawili? Hilo ni la mwalimu wa kwaya, naye ana dawa isiyohitaji mkutano wala kamati. Awaketishe watu kwa sauti, kama kwaya zote zinavyofanya: soprano upande huu, alto upande ule, tenori na besi nyuma. Sijui ninyi mmewezaje kuimba mwaka mzima alto zikiwa zimegawanyika pande mbili za ukumbi. Lazima wimbo unachechemea. Akikataa, au yule mama akikufungia mlango, niandikie tena. Nitakuja mwenyewe mazoezini. Zamani niliimba besi, na sijawahi kuona kwaya ya Katuba yenye besi wa kutosha.